Moja, Mbili, Anza Upya

Murungu, Kibondo
8 Julai 2024

Mpendwa Baba,

Amahoro. Natumaini barua hii itakukuta umeketi nyumbani na hujaenda shambani, maana kifua chako na vumbi la Julai havijawahi kupatana. Vipi kikohozi? Vipi maharage, yamekauka, au mbuzi wa jirani wamekusaidia kuvuna? Mimi sijambo, ila sauti imekauka kwa kufundisha watoto themanini na mbili.

Nina habari njema. Nimebakiza kazi moja tu nipate cheti cha kufundishia kwa teknolojia. Ni yale mafunzo ya mtandaoni niliyokueleza Pasaka, ukaniuliza kama siku hizi watoto watafundishwa na redio. Tunafundishwa kutumia kishikwambi na projekta, kutengeneza picha za somo, kujirekodi na kujikosoa. Walimu kumi na wanane wa wilaya hii tulianza. Tumebaki watano.

Kazi ya mwisho ni kurekodi somo zima. Nimerekodi la Sayansi, Darasa la Sita, mzunguko wa damu. Nimelituma kwenye simu ya Zaitun jirani yako leo hii, hata kabla ya kuwatumia wakufunzi, kwa sababu nilitaka wewe uwe wa kwanza kuniona. Najua masikio yamekuacha. Tazama tu mikono yangu na ubao, utaelewa, mwalimu ni wewe.

Jambo moja linanisumbua. Swali la kwanza kabisa la mafunzo lilisema: taja zana ya kwanza ya kufundishia unayoikumbuka maishani mwako. Nilijibu ubao. Unajua kuwa nilidanganya.

Barua anakuletea Gharibu, anakuja Kasulu kuchukua mzigo wa duka lake.

Mwanao,
Esteri


Kitanga, Kasulu
16 Julai 2024

Mukobwa wanje Esteri,

Barua imefika, na sukari imefika. Kikohozi kipo, tumezoeana. Maharage nimepata magunia mawili, mbuzi hawakuyaona.

Zaitun alinishikia simu nikatazama somo lako mara tatu, mpaka akaanza kusonya. Umesimama vizuri. Mwandiko wako ubaoni bado unapanda mlima, nilikuonya tangu ukiwa la Tatu. Ile picha ya moyo inayodunda ukutani nimeipenda. Enzi zangu kambini Mtabila moyo niliuchora kwa mkaa.

Sasa nijibu. Kuanzia pale ulipogeuka kuandika neno "mshipa", watoto wako hawakutazami. Wanatazama ukuta wa kushoto, wote, hata yule mnene wa mbele. Na midomo yao inacheza. Mtu akiwa kiziwi anajifunza kusoma midomo, ndiyo redio yangu siku hizi. Nilimwambia Zaitun arudishe nyuma. Watoto wako wanahesabu kimya kimya. Wanafika nne, wanafika tano, halafu wanarudi moja.

Ninaijua hesabu hiyo. Nani yuko nyuma ya ukuta?

Baba yako,
Nkunzimana


Murungu, Kibondo
25 Julai 2024

Baba,

Salamu kutoka huku, na kwa Zaitun pia, mwambie asikuchoke. Mwili wangu mzima, moyo ndio haujatulia.

Cheti nimekipata. Kilikuja kwenye simu tarehe ishirini, kina jina langu kwa herufi za dhahabu. Walimu wenzangu walinipigia makofi, mkuu wa shule akanunua soda. Niliinywa ile soda nikiwa na aibu, na sababu ya hiyo aibu nakueleza hapa.

Mkufunzi alipopita shuleni akalitazama somo kwenye kishikwambi changu, alisema ni zuri, ila lina kelele kutoka nje, zinapunguza alama. Akanionyesha namna ya kuchuja sauti. Ni rahisi kabisa. Unaburuta kidole, kila kisichokuwa sauti yako kinaondoka. Nikachuja. Nikawatumia lililo safi, na la kwanza nikalifuta maana kishikwambi kilikuwa kimejaa. Watoto wamebaki wanahesabu bila sababu, na hakuna aliyegundua isipokuwa wewe usiyesikia.

Nyuma ya ukuta yuko Mwalimu Harerimana, mwalimu wetu wa nidhamu. Ndiyo, Harerimana yule yule uliyemfundisha Mtabila. Anachapa Darasa la Tano. Mwongozo unasema fimbo zisizidi nne, aidhinishe mkuu, ziandikwe daftarini. Yeye hana daftari. Mtoto anahesabu mwenyewe kwa sauti, na akikosea anaanza upya. Fimbo yake ameipa jina. Anaiita Mkosoaji.

Jina hilo unalijua, lilikuwa la fimbo yako.

Siku ile ya video alikuwa anamchapa Ange, binti wa miaka kumi na moja. Huyu mtoto maumivu yakizidi Kiswahili kinamtoka, anaangukia kwenye Kiha cha nyumbani. Moja, mbili, tatu, halafu kane, gatanu. Hapo Harerimana anasema, anza upya. Madarasa yote jirani yanahesabu naye kimoyomoyo, wanamwombea afike mwisho.

Nilikuwa na miaka tisa ulipoinyanyua Mkosoaji juu yangu mbele ya wenzangu, Baba. Nilisema gatatu badala ya tatu. Ulinirudisha mara tatu. Nilijikojolea, na ukaniambia nifute. Hatujawahi kulizungumza. Nina hasira na wewe, na nimeichoka.

Esteri, mwanao


Kitanga, Kasulu
31 Julai 2024

Esteri,

Hujambo. Mimi mzima.

Umenitukana vizuri, kwa mwandiko ulionyooka. Sasa nisikilize.

Nilikuwa na watoto tisini na sita chini ya turubai. Wengine walikuwa wamelala na maiti njiani. Walipigana kwa mawe wakati wa mapumziko, mmoja alimng'ata mwenzake sikio akalitema. Ningewatuliza kwa picha ya moyo ukutani? Kiswahili niliwalazimisha kwa sababu asiyekijua, siku ya kufukuzwa, ndiye wa kwanza kupandishwa lori. Wewe hukupandishwa. Kambi ilipofungwa ulijibu maofisa kama mtoto wa Kasulu, ukabaki, leo unavaa gauni la mwalimu.

Harerimana alikuja kwangu ana wiki moja tangu avuke mpaka. Baba yake alikatwa kwa panga mbele yake. Aliiba kalamu. Nilimwambia fimbo kumi, ahesabu. Akahesabu kwa Kirundi, rimwe, kabiri, gatatu. Nikamrudisha. Tena na tena, sijui mara ngapi, mpaka akaanguka chini na mimi mkono ukaniuma. Miaka baadaye tulikutana sokoni Kasulu, akaniinamia akanishukuru. Alisema, umenifanya mtu.

Mwalimu hamsemi mwalimu mwenzake. Umepata cheti chako, kaa nacho. Usiniandikie tena habari za fimbo.

Baba yako


Murungu, Kibondo
12 Agosti 2024

Baba,

Amahoro, na unisamehe. Umenikataza na ninaandika.

Jumatano iliyopita Harerimana alimwita Ange mbele. Safari hii mtoto aliogopa akauficha mkono nyuma. Akampiga popote. Fimbo zilitua kwenye kiwiko, kwenye vidole, kisha ubavuni mwa kichwa. Nilitoka darasani kwangu nikakimbia. Nilimkuta chini ya dawati, damu inatoka sikioni, bado anahesabu. Vidole viwili vimevunjika. Daktari wa Kibondo anasema sikio la kushoto huenda lisisikie tena.

Nilimshika Harerimana mkono. Alinipiga kofi, nikaanguka juu ya madawati mbele ya watoto wote. Akasema, wewe ni binti wa Mwalimu, wewe ndiye ulipaswa kunielewa. Nina jino linalocheza.

Shule imeandika kwamba Ange alianguka kwenye mwembe. Mama yake, Divine, amekwenda kwa afisa elimu kata, na afisa ameitisha kikao Alhamisi ya tarehe ishirini na mbili. Anataka ushahidi. Walimu wote wameangalia chini. Watoto wamefundishwa kusema mwembe. Maneno yangu watayaita wivu, kwamba cheti kimenipanda kichwani. Bila ushahidi Harerimana anarudi darasani Jumatatu, na Ange atarudi mbele yake, maana ndiyo shule pekee anayoweza kuifikia kwa miguu.

Nina cheti cha kurekodi, Baba, na sina rekodi. Nililoliacha ni safi kabisa, utadhani nyuma ya ukuta ule kuna kanisa. La kwanza, lenye sauti yake na ya Ange na ya ile fimbo, liko sehemu moja tu duniani, kwenye simu ya Zaitun. Nimempigia. Amesema bila ruhusa ya Mzee hatoi kitu kinachohusu watu wa Mzee.

Ninakuomba. Sijakuomba kitu tangu nilipokuwa na miaka tisa.

Mwanao,
Esteri


Hospitali, Kibondo mjini
27 Agosti 2024

Baba,

Niko nje ya wodi yako, benchi la tatu. Wauguzi wamenikataza kuingia mpaka saa kumi, kwa hiyo Zaitun atakupa karatasi hii. Pole, Baba. Pole sana. Kula uji hata kama ni mbaya.

Hukunijibu, nikajua umekataa. Siku ya kikao niliposimama kusema na watu wakaanza kucheka, nikakuona mlangoni na kofia yako, Zaitun nyuma yako ameikumbatia simu. Yaliyofuata ulikuwepo lakini hukuyasikia, ndiyo maana nakuandikia.

Zaitun aliiwasha simu kwenye spika iliyoazimwa kanisani. Kwanza sauti yangu, mshipa, damu, halafu fimbo. Ange akisema moja, mbili, tatu, kane. Na Harerimana akisema anza upya. Divine alilia kama mtu aliyechomwa. Mkuu wa shule alifunika uso. Wewe ulikuwa unawatazama watu midomo, na nadhani uliona kwamba wote, wazazi na walimu na afisa mwenyewe, walikuwa wanahesabu.

Halafu ukasema kwa sauti kubwa, ile ya viziwi: "Hiyo hesabu ni yangu. Nilimfundisha mimi." Ukamwendea Harerimana, ukanyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja juu. Ukamwambia, "Harerimana mwanangu, nilikukosea. Nirudishie."

Watu walidhani ni maneno tu. Mimi pia. Mkosoaji ilikuwa mezani imewekwa kama kielelezo. Aliichukua.

Fimbo ya kwanza ulisema rimwe. Ya pili, kabiri. Sijakusikia ukihesabu Kirundi tangu nizaliwe. Sasa nakuambia jambo ambalo hukulisikia: yeye alikuwa anakuambia, "Kwa Kiswahili, Mwalimu. Anza upya." Alikuambia kwa upole kabisa. Hukusikia, ulikuwa umefumba macho, ukasema gatatu. Akapaza sauti, anza upya. Ukasema kane. Hapo akaacha viganja, akapiga mkono, akapiga bega, akapiga tena mkono ule ule, anapiga kelele anza upya, anza upya, na machozi yanamtoka, na wewe unaendelea mbele tu. Mfupa wa mkono wako wa kulia ulilia tukausikia wote. Ulifika gatandatu ndipo wanaume watano wakamlaza chini.

Nilimkalia miguu. Niliinyakua fimbo na kuinyanyua juu ya kichwa chake, Baba, nilitaka kumuua, na sitakudanganya kwamba ni dini iliyonizuia. Niliona midomo yake inacheza mavumbini. Nikainama nisikie. Alikuwa anasema rimwe, kabiri, gatatu.

Nikaitupa fimbo.

Yuko mahabusu. Ange atarudi shuleni baada ya likizo, nitakuwa namfundisha mimi.

Jana nimewaandikia wakufunzi. Nimewatumia somo lenye sauti zake zote, nikawaeleza nilichokichuja. Cheti wakitaka wakichukue. Lile swali la kwanza nimelijibu upya. Zana ya kwanza ya kufundishia ninayoikumbuka ni fimbo ya baba yangu, ilikuwa na jina, na wanafunzi wake bora tuliofuzu ni wawili.

Saa kumi nitaingia. Nina hasira bado, na nimekuletea ndizi.

Mwanao,
Esteri


Kitanga, Kasulu
30 Septemba 2024

Esteri,

Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, usiukosoe. Nimeujifunza wiki mbili kwa daftari la Zaitun la mistari mipana. Wa kulia umefungwa vibaya, hautanyanyuka tena kupita bega. Daktari alisikitika. Nikamwambia umenyanyuka vya kutosha.

Nimemwandikia Harerimana pia, gerezani. Hajajibu.

Shule inafungua kesho. Ange mkalishe upande wa ukuta wa kushoto, sikio zima likuelekee wewe. Usizungumze naye huku unaandika ubaoni, atakukosa midomo.

Akihesabu kwa Kiha, mwache afike mwisho.

Baba yako