Tairi za Jeshi na Heshima ya Mkwe

Mpendwa mshauri, salamu nyingi, nisaidie upesi kabla sijafungashiwa virago, maana huku kwetu Nambambo mwanamume ndiye anayehamia kwa wakwe, na mama mkwe akisema toka basi umetoka, na kisa chenyewe si ulevi wala wanawake, ni tairi.

Mradi wa karanga wa Waingereza ulipofungwa hapa Nachingwea nilinunua pikapu iliyotumika, ina tairi nyembamba, inchi sita kwa kumi na sita, nikaanza kubeba ufuta na abiria kwenda Ruangwa, ila kila nikifika kwenye mchanga wa mtoni tairi zinazama na watu wanashuka kusukuma, na siku moja miongoni mwa waliosukuma alikuwamo mama mkwe wangu, nami nikakanyaga mafuta, tairi zikamrushia mchanga tangu kilemba hadi miguuni, na wewe mshauri unajua kwa mila zetu hata kumtazama usoni siwezi, sembuse kumpangusa.

Nikaenda kwa fundi Tadeo, akasema dawa ni tairi za jeshi, tisa kwa kumi na sita, lakini alikuwa nazo mbili tu, tukazifunga nyuma, gari likawa limeinamia mbele hata kwenye tambarare, na mama mkwe, ambaye hukaa nyuma juu ya magunia kwa kuwa hatuwezi kukaa bega kwa bega, akawa anateleza kila nikishika breki na kugonga kioo nyuma ya kisogo changu, nami siruhusiwi kugeuka, nasema tu "Shikamoo, mama" huku natazama barabara. Tukazihamishia mbele, zikasugua madigadi, gari likakataa kukata kona ya kulia, nikawa nafika sokoni kwa kuzunguka kushoto tupu, na safari hiyo mama mkwe aliteleza kwenda nyuma akashuka kabla ya safari kwisha, ila hakuumia, magunia yalitangulia.

Sasa nimepata zote nne, nimekata madigadi kwa msumeno, gari linapita mchangani bila hata kuguna na watoto wa Nambambo wanatoka mbio kulitazama, lakini limekuwa refu mno, mama mkwe hawezi kupanda, kumnyanyua siwezi, mke wangu Sikuzani alijaribu wakaanguka wote wawili, nikapindua kinu ili akanyage, akaniuliza kupitia kwa Sikuzani kama kwetu vinu ni ngazi. Mwisho wa mwezi kuna unyago wa mjukuu wake huko Ruangwa, yeye ndiye kungwi, na ameshawatangazia wenzake kwamba atafika kwa gari la mkwewe, na ameapa asipofika hivyo nirudi kwa mama yangu kule Mkotokuyana pamoja na tairi zangu. Je, nirudishe nyembamba akasukume, au nibaki na pana yeye abaki barabarani? Nampenda mke wangu, mshauri, nampenda sana, na hizi tairi nazo nazipenda.

Mikidadi, Nambambo

Bi Kulthumu anajibu:

Pole, Mikidadi. Sasa nikugombeze. Umemrusha mama wa watu mbele na nyuma kama unapepeta ufuta, halafu unaniuliza mimi kama abaki barabarani? Na huyo Tadeo mwambie aishie kwenye kuziba pancha.

Vua hizo za jeshi leo hii. Nimemuuliza dereva wa lori hapa Lindi, akacheka mpaka akakaa chini. Pikapu yako haikuumbiwa tairi za ukubwa huo, zinailemea injini na zitakuvunjia ekseli porini, na hao watoto wanaokushangilia hawatakuja kukuvuta. Funga saba na nusu kwa kumi na sita, zote nne ziwe sawa, ila pima kwanza kama rimu zako zinazipokea. Ukifika mchangani punguza upepo, ukishavuka shuka ujaze kwa pampu ya mkono. Jasho liwe lako, mkweo akae zake kivulini. Mwambie mhunzi akuungie kikanyagio cha chuma chini ya mlango. Kinu kioshe, kirudishe jikoni, uombe radhi kupitia kwa mkeo.

Lakini mwanangu, tairi ni nusu tu ya shida yako. Mimi pia ni mama mkwe wa mtu, na barua yako imenikera. Umeniandikia mila nyingi, ila hukujiuliza hata mara moja kwa nini mtu mzima, kungwi anayengojwa Ruangwa, akae juu ya magunia na wewe ukae kitini. Hamkai bega kwa bega, sawa, hiyo ni heshima na usiivunje. Lakini ni nani aliyekwambia kwamba wa kwenda nyuma ni yeye?

Mfundishe Sikuzani kuendesha. Mashamba ya karanga yaliyoachwa hapo Nachingwea ni mapana, hakuna cha kugonga, na muda upo. Akishapata leseni yake, siku ya unyago ashike usukani yeye, mama yake akae ubavuni pake na kilemba kisafi, wateremke Ruangwa mchana kweupe wenzake wakiona. Hapo hakuna atakayekufukuza, na mke utabaki naye.

Wewe panda nyuma kwenye magunia, ushike ubao. Sikuzani akishika breki ukateleza, ukagonga kioo, usipige kelele. Sema tu, "Shikamoo, mama."