Mchumba Aliyesifu Santuri ya Mbio

Binti yangu,

Chai imo kwenye chupa. Gramafoni usiiguse, bado ina aibu ya asubuhi.

Ulipotoka tu kwenda kazini, mchumba wako aliingia. Akajitapa: “Jazi ya zamani, Mzee, ndiyo maziwa niliyonyonya.” Nikamwekea santuri ya maombolezo, nikaizungusha makusudi kwa kasi isiyo yake. Saksafoni ikalia kama bata aliyekanyagwa. Yeye akafumba macho, akatikisa kichwa: “Huyu bwana anapuliza kwa uchungu, Mzee!”

Masikio anayo, ya kuning'inizia miwani.

~~Posa yake nimeikataa.~~ Posa yake nakuachia mwenyewe, maana mume atakuwa wako. Ila kabla hujamjibu, mwunguzie chakula, usikie atakavyokisifu.

Baba yako