Kikombe cha Jumapili

Malakia, Juba
Jumatano, 3 Agosti 2016

Betty mwanangu,

Salamu nyingi. Huko Gulu mnaendeleaje, na kifua chako kimepona? Mimi mzima, ila jino moja la mbele sina tena. Simu askari walininyang'anya, kwa hiyo barua hii nampa Lomoro wa basi. Naandika Kiswahili chetu cha ukimbizini, maana wale wa vizuizi vya barabarani wanafungua kila bahasha na hiki hawakisomi.

Kambini hapa kando ya mto, askari wanaharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele. Wamekufa kumi na mmoja. Wenzao wanasema wamelishwa sumu. Ijumaa walimkamata Lukudu, yule muuza maji wa baiskeli, wakampiga kwa vitako vya bunduki mbele ya zahanati yetu mpaka uso wake haukutambulika. Alikufa pale pale. Sasa wamemfungia Santina, mama wa chai, ndani ya kontena la chuma, na jua lenyewe unalijua.

Nilipima choo cha wagonjwa. Kwenye hadubini vimejaa vile vijidudu vilivyopinda kama alama ya mkato, vinakimbia huku na huku. Ni kipindupindu. Nikaenda kumwambia mkubwa wa kambi kwamba chai inachemshwa, haina kosa; kinachowaua ni maji ya mto wanayokunywa bila kuchemsha. Akanipiga mdomoni kwa kitako cha bastola. Halafu akacheka: "Khalas, basi, kunywa wewe maji hayo. Ukiugua, huyu mama aende zake. Usipougua, nampiga risasi."

Jumatatu nilikunywa kikombe kizima, askari wakipiga makofi. Mpaka leo tumbo limetulia kabisa. Amesema nitakunywa tena Jumapili, na hiyo ndiyo nafasi ya mwisho. Wewe umesoma kunizidi. Kwa nini sijaugua?

Baba yako,
Pitia


Gulu
Alhamisi, 4 Agosti 2016

Baba mpendwa,

Habari za huko? Kifua changu kimepona, ila tangu Lomoro anipe barua yako sijala kitu.

Shukuru asidi ya tumbo lako. Vijidudu vya kipindupindu haviiwezi. Unameza mamilioni, vinavyovuka salama hadi utumbo mwembamba ni vichache mno. Vikivuka vingi, hapo ndipo hung'ang'ania ukuta wa utumbo na kumwaga ile sumu inayovuta maji yote ya mwili. Na ukali huo havikuzaliwa nao, Baba. Mwalimu anasema jeni ya sumu hiyo ililetwa na kirusi kilichoviingia zamani, vikairithishana hadi leo. Mimi darasani nilifurahi sana kulijua hilo. Sasa naona haya.

Ndiyo maana mtu anayetafuna vidonge vya magnesiamu vya kiungulia huanguka upesi: asidi imezimwa, vinapita vyote. Nakujua na vidonda vyako vya tumbo. Vidonge hivyo tupa chooni leo. Jumapili ukilazimishwa kunywa, jifanye mgonjwa: jitapishe, jishike tumbo, lia. Mama alishatutoka. Usiniache peke yangu.

Mwanao,
Betty


Malakia
Jumapili, 7 Agosti 2016

Betty mama,

Salamu za Jumapili. Barua yako ilifika jana, nimeisoma mara tatu. Mwalimu wako amefanya kazi.

Kujifanya haiwezekani. Mkubwa ameshaona ndoo arobaini za choo kile cheupe cha askari wake. Yangu ataikagua mwenyewe.

Kuna jambo nilikuficha. Siku ile ya Lukudu, majibu ya hadubini nilikuwa nayo tangu asubuhi. Nilisimama dirishani na karatasi mkononi. Aliniona, akaita jina langu mara mbili. Niliogopa, Betty. Nilichutama chini ya meza hadi kelele zikaisha. Aibu hiyo siwezi kuibeba mara ya pili.

Asubuhi hii nimetafuna vidonge vinane. Kikombe ni saa tano. Malesh, nisamehe, mwanangu, usinikasirikie. Ugonjwa huu unatibika, wewe unajua: ninazo pakiti kumi za chumvi na sukari, na Santina akitoka atanikorogea. Alhamisi nitakuandikia.

Baba yako,
Pitia


Gulu
Jumapili, 21 Agosti 2016

Baba,

Hali sikuulizi. Barua hii sitampa Lomoro.

Santina alifika hapa wiki iliyopita na watoto wake wawili, miguu imewavimba. Amenieleza yote. Jumatatu asubuhi ugonjwa ulikushika. Mkubwa akachungulia ndoo, akaamuru kontena lifunguliwe. Hilo alilitimiza. Lakini Santina alipokoroga pakiti ya kwanza, askari mmoja alilipiga jagi teke. Zile tisa wakazichana kwa kisu cha bunduki, unga wote ukaishia kwenye matope. Walitaka waone kama maji ya mto yanaua kweli. Aliwasihi, wakamchapa mgongoni kwa mkanda, alama nimeziona. Jioni macho yako yalikuwa yameingia ndani, sauti imekwisha. Ulikufa kabla jua halijazama. Kesho yake kambi nzima ilianza kuchemsha maji.

Nimekasirika, Baba. Nimewakasirikia wao, nimekukasirikia wewe, na mwalimu wangu pia. Niliandika yale ili uishi.

Santina nimempa kitanda changu. Anasema lazima kuna mtu alikufundisha, maana Jumapili ulimwambia kwenye tundu la kontena kwamba umetafuna vidonge na safari hii utaugua bila shaka. Kila akitaka kusali ananiuliza jina la mtu huyo, amwombee baraka. Nimemwambia simjui.

Mwanao,
Betty