Kicheko Kilichobaki Mazishini

Kijiji cha Masumbwe,
S.L.P. Kahama,
Mkoa wa Shinyanga.
21 Agosti, 1977

Mpendwa Kaka Ansgar,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima huko Songea, wewe, wifi na watoto wote. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Usinijibu kwamba hujambo kama kawaida yako. Nitamwuliza wifi, yeye hajui kudanganya.

Sisi huku hatujambo. Mama sasa anatembea kwa fimbo, lakini ulimi wake bado unatembea wenyewe. Mahindi tumepata ya kutosha, karanga zimetuvunja moyo. Makoye anakusalimu, na ameniamuru nikuandikie kwamba ulikimbilia Songea kwa kuogopa ng'ombe. Nimemwambia hayo ayaandike mwenyewe. Msukuma gani huyo anatuma mke wake kumtania shemeji yake?

Kaka, leo nimekaa chini nikushukuru, na nataka nikushukuru vizuri, siyo kwa mstari mmoja wa mwisho kama tulivyozoea. Unakumbuka Makoye alivyomkataza katakata binti yetu Epifania asiende Mwanza kwenye kozi ya waandishi wa magazeti ya vijijini. Alisema msichana akifundishwa kuulizauliza watu, siku moja atarudi nyumbani atuulize sisi. Wewe ndiwe uliyezungumza na Padri, wewe ndiwe uliyemwandikia Makoye, ukamtania, ukambembeleza mpaka akalainika. Kama usingeng'ang'ania, leo Stanslaus wetu, mtoto wa Baba Mdogo, angekuwa kilema au marehemu, na mimi sijui ningekuwa nalala kwenye mji wa nani.

Habari za msiba ulizipata kwa simu ya maandishi, kwamba mwezi wa sita tulimpoteza Mzee Maduhu, kaka yake Makoye. Kwa kuwa alikuwa mwenyekiti wa chama cha ushirika, watu walijaa kama siku ya mnada. Aliyekosekana ni mwanawe mkubwa, Bujiku, ambaye alihamia na ng'ombe wake upande wa Katoro. Tangazo la kifo lilisomwa redioni, jina la Bujiku likatajwa waziwazi, lakini siku hiyo betri za redio yake zilikuwa zimeanikwa juani zipate nguvu. Alipofikiwa na habari, baba yake alikuwa amekwisha kuzikwa. Jambo hilo lilimkaa moyoni kuliko tulivyojua.

Kwenye mazishi Stanslaus alifanya kazi ya mtani. Unamjua, hana breki. Alichimba kaburi pamoja na watani wenzake, akambeba marehemu, na ilipofika saa ya kufukia akabaki shimoni, akajilaza, akapiga kelele kwamba hatoki mpaka Mzee Maduhu arudishe ng'ombe aliowaibia Wasumbwa. "Msukuma huyu," akasema, "msipomkagua sanda, ataswaga ng'ombe wetu mpaka ahera!" Basi watu walicheka, Kaka. Hata mjane, Mama Bujiku, ambaye tangu kifo alikuwa hali wala hasemi, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Stanslaus akapewa kuku wake, akatoka shimoni, tukazika. Kwetu hakuna aliyerudi nyumbani akilizungumza hilo. Hivyo ndivyo tunavyozikana na watani zetu siku zote.

Sasa alikuwapo kijana mmoja, Theonest, mwandishi wa lile gazeti la kila mwezi linaloitwa Tusemezane. Kwao ni Bukoba, na alikuja kuandika habari za mwenyekiti wa ushirika. Ni kijana mpole, mwenye adabu, na mwandiko wake unasomeka. Siku hiyo Epifania, ambaye naye huliandikia gazeti hilo, alikuwa kwenye kikao chao huko Kahama, hivyo hakuwapo wa kumnong'oneza kwamba ule ni utani. Theonest alisikia, akaandika alichosikia, tena kwa uaminifu. Gazeti lilipotoka, juu ya picha ya marehemu palikuwa na herufi kubwa: MSUMBWA ADAI MAREHEMU ALIKUWA MWIZI WA NG'OMBE.

Kaka, hapakuwa na neno la uongo katika habari ile. Stanslaus ni Msumbwa, na aliyasema yale mbele ya kaburi. Maneno yalifika Katoro yote, ila kicheko kilibaki Masumbwe. Bujiku hajui kusoma, kwa hiyo mwenye duka mmoja alimsomea, na mwenye duka yule akaisoma habari kama anavyosoma bei ya pamba.

Bujiku alifika hapa na vijana wa rika lake, kila mmoja na fimbo. Walikaa kwenye mji wa marehemu, wakatuma ujumbe kwamba Stanslaus aje aonyeshe hao ng'ombe walioibwa, au aonyeshe kichwa chake. Halafu wakaenda lamboni kuwazuia Wasumbwa wasichote maji. Kiangazi hiki, Kaka! Stanslaus, yule yule aliyelala kaburini bila woga, alikimbilia misheni Ushirombo akajificha nyuma ya tanuri la matofali. Nilicheka niliposikia, kisha nikalia.

Tulimwambia Bujiku kuwa ule ulikuwa utani. Makoye alimwambia, wazee walimwambia, hata mama yake alimwambia. Akatujibu neno moja tu kila mara: "Utani hauandikwi gazetini. Mnanificha kwa sababu sikuwapo." Ungemjibu nini? Serikali inaandika gazetini, bei zinaandikwa gazetini, na yeye alifundishwa kwamba kilichoandikwa gazetini kimehakikishwa. Sisi tulikuwa na midomo tu.

Nikuambie na langu, maana wewe ndiye ndugu yangu. Siku zile niliumia. Nimeolewa katika ukoo ule nikiwa msichana, nimezaa na kuzika humo, lakini nilipopita na ndoo yangu wakwe walinyamaza. Mmoja akasema, tena kwa sauti ili nisikie, "Mwacheni Msumbwa apite." Sijawahi kuitwa hivyo bila mtu kucheka. Nilifika nyumbani nikatua ndoo, nikajifungia. Makoye naye alikwenda kwa wenzake akaambiwa amelala na adui, akarudi hana hamu ya chakula.

Hapo ndipo wazee wa pande zote mbili walipomjia Epifania. Walitaka aandike gazetini kwamba Stanslaus hakusema maneno yale hata kidogo, mambo yaishe. Makoye alitaka hivyo. Stanslaus, kutoka nyuma ya tanuri lake, alituma salamu kwamba naye anataka hivyo. Na mimi pia, sikufichi, nilimwambia mtoto aandike, kuna dhambi gani katika uongo unaookoa ndugu?

Epifania alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata sauti. "Mama, watu wote waliokuwapo walimsikia. Nikiandika hakusema, Bujiku atamwuliza mmoja wao, na atajua amedanganywa. Baada ya hapo hata tukimwambia kweli hataamini." Makoye akamwuliza kwa hasira kwamba sasa ataandika nini, kama si hivyo. Akajibu, "Nitaandika mazishi, Baba. Yote. Theonest aliandika maneno tu, mazishi hakuyaandika."

Tena akatuambia jambo alilofundishwa kozini, kwamba ukitaja kabila la mtu kwenye habari ya ubaya, umewaita watu wote wa kabila hilo shaurini bila wao kufanya lolote. Alisema katika darasa lao walikuwamo Wasukuma, Wazinza, Wahaya, Wakerewe na Waha, na mwalimu aliwaambia kila mmoja aandike habari ya jirani yake, kisha amsomee jirani huyo uso kwa uso kabla ya mtu mwingine yeyote. Wengi walichana karatasi zao wenyewe, anasema. Makoye alikuna kichwa akatoka nje. Nadhani ndiyo siku aliyogundua kwamba uliyosema katika barua yako hayakuwa maneno ya kumbembeleza tu.

Basi mtoto akaanza kuzunguka. Alikwenda kwa mjane, akakaa naye jikoni mchana mzima. Alikwenda kwa waliochimba, kwa wanakwaya, kwa aliyetoa kuku. Alikwenda hata misheni akamtoa Stanslaus maneno. Kisha akapanda lori hadi Isaka, na hapo akapata treni ya Mwanza, kwa kuwa mhariri alikuwa tayari kuweka vijistari viwili vya kuomba radhi na siyo zaidi. Epifania alikaa mlangoni pake mpaka akamsikiliza. Theonest, nimsifu hapa, alisimama upande wake na kusema kosa ni lake yeye, na Epifania apewe nafasi yake yote ya mwezi huo.

Mwenyekiti wa kijiji alimwomba Bujiku asubiri gazeti. Akakubali, kwa kuwa ni gazeti. Vijana wake walisubiri nao, fimbo zimeegemezwa ukutani, na sisi tulisubiri tukiwa tunachota maji mbali kule mtoni. Kila lori lililoingia kutoka Kahama lilinipasua moyo.

Siku gazeti lilipofika tulikusanyika wote kwenye mji wa marehemu, Wasukuma huku, Wasumbwa kule, na mimi sikujua nikae wapi, nikakaa karibu na mjane. Epifania akasimama akasoma. Kaka, nilitamani ungekuwapo. Alianza na asubuhi yenyewe, nani alichimba, udongo ulikuwa mgumu kiasi gani, kwaya iliimba nini. Akasoma nani alishika jeneza upande wa miguu na nani upande wa kichwa. Akasoma maneno ya Stanslaus, yote, hakupunguza hata moja, na hakuandika Msumbwa wala Msukuma, aliandika mtani wa marehemu. Kisha akasoma kwamba watu walicheka, na kwamba mjane alicheka, na kwamba ndilo lilikuwa jambo la kwanza kutoka mdomoni mwake tangu mumewe afe, na jioni ile akaomba uji.

Bujiku alisikiliza fimbo ikiwa juu ya magoti. Akamgeukia mama yake. "Mayu, ulicheka kweli?"

"Nilicheka, mwanangu. Na baba yako angecheka kunizidi."

Halafu akamwomba Epifania arudie pale pa kubeba jeneza. Epifania akarudia. Akaomba tena. Mara ya mwisho akasema, "Niitieni Stanslaus," na vijana wake wakasimama.

Stanslaus alikuwa ameletwa na Padri, amekaa ndani ya gari. Alikuja akitembea kama mtu anayekanyaga miiba. Bujiku hakusimama. Alimwuliza, "Aliyeshika upande wa kichwa ni wewe?"

"Ni mimi."

"Alikuwa mzito?"

Kaka, Stanslaus hajawahi kukosa neno la mzaha tangu azaliwe. Siku hiyo alilikosa. Akasema kwa sauti ndogo, "Alikuwa mwepesi, mtani. Ugonjwa ulikuwa umemmaliza. Tulimshusha taratibu."

Bujiku akaweka fimbo chini, akalia. Alilia kilio cha msiba, kile ambacho sisi tulikuwa tumekimaliza mwezi wa sita, na wanawake wakakipokea kana kwamba marehemu amefariki asubuhi ile. Tulilia pamoja naye, wote, pande zote mbili. Alipotulia alisema, "Sasa nimemzika baba."

Jioni Bujiku na vijana wake walirudi lamboni wakawachotea Wasumbwa maji kwa mikono yao. Stanslaus, ulimi ulipomrudia, alimtoza Theonest kuku kwa kosa la kumbebea utani bila kuomba ruhusa, na maskini kijana alikwenda kumtafuta kuku kwa haraka mpaka tukacheka. Wakwe zangu wananiita tena Msumbwa, na wanacheka wakiniita. Bujiku alipoondoka kurudi Katoro alimshika Epifania mkono, akasema "Wabeja," ambalo ndilo asante yao, na hilo hakulisema kwa mtu mwingine.

Na mimi nakwambia wewe, Kaka, wabeja sana. Asante kwa kumwona mtoto yule wakati sisi tulikuwa tunaona mikono ya kulimia tu. Makoye hatakuandikia hivyo, ana kiburi cha ng'ombe dume, lakini juzi nilimsikia kwenye kilabu akijigamba kwamba ni yeye aliyempeleka binti yake kozini. Mwache, ajisifu.

Msalimie sana wifi Coletha, umwambie mbegu za mchicha alizonipa zimeota. Msalimie Otmar, asome kwa bidii, na Lukresia mdogo umbusu kwa niaba yangu. Mama anakutemea mate ya baraka kifuani, kisha anauliza utakuja lini. Mungu aliyekupeleka mbali akulinde huko, na njia ya kukurudisha aiache wazi.

Ndani ya bahasha nimekuwekea lile gazeti. Mzee Maduhu alikupenda, nawe hukuwapo. Usilisome kimoyomoyo. Mwite wifi na watoto, ulisome kwa sauti, na mkifika pale pa Stanslaus, mcheke.

Mimi dada yako, nikupendaye na kukusema kila siku,
Apolonia