Mzee Kitafaa na Mzigo Wake

Mwaka umeshazunguka, Baba, tangu uliposema unajinyoosha kidogo kabla ya chai, na usiamke tena. Chai ilipoa. Mama alikataa imwagwe mpaka ilipoota ukungu, na hata hapo aliimwaga kwa kulazimishwa.

Ulikuwa fundi wa pasi, feni na redio, na mtaa mzima ulikuita Mzee Kitafaa. Jina ulijitafutia mwenyewe. Ukiokota mpini wa sufuria, skrubu yenye kutu au kifuniko kisicho na chupa, ulikuwa na jibu lako moja: "Usitupe, kitafaa. Akiba haiozi." Mama naye hakukosa neno. Alikuwa akisema kweli haiozi, lakini inashika kutu na kujaza nyumba panya.

Na mara nyingine kilifaa kweli. Jirani yetu mshonaji hadi leo ananyooshea nguo za wateja kwa pasi uliyoiunga kutoka vipande vya pasi zilizokufa, na hukumtoza kitu.

Kisha ikaja ile mashine ya gemu. Mteja aliileta mbovu, akahama, asirudi. Uliitengeneza, ukaiweka kwenye rafu ya karakana yako ukimngoja mwenyewe, na baada ya muda mrefu ukaileta nyumbani "kuijaribu tu". Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja: nchi isiyo na mwisho, yenye milima, misitu na ngome za mawe, na mtu mwenye upanga aliyetumwa kumuua joka anayeichoma nchi hiyo. Ukampa mtu huyo jina la Fundi. Mtu mzima na mvi zako, chai ikawa inanywewa mbele ya televisheni.

"Baba, joka yuko kule mlimani," kitinda mimba wako alikuambia.

"Joka hana haraka. Ngoja kwanza tuone kwenye pipa hili kuna nini."

Ukaokota vijiko, ndoo, mashoka yaliyovunjika mpini na mifupa usiyojua ni ya nani. Katika mchezo ule, mtu akizidiwa na mzigo hawezi kukimbia, hujikokota tu. Ukaivuka nchi nzima kwa kujikokota. Watu wa kule wakawa wanaungua moto na wewe unachungulia kabati. Tukikuomba utupe angalau ndoo, unauliza, "Ndoo? Na kisima kikikauka?" Hatukuwahi kumwona Fundi akikimbia hata siku moja.

Mama alikuwa akikaa ubavuni mwako, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, ametoka kufua mashuka ya hospitali tangu asubuhi. "Umejaza karakana, sasa unajaza na huko," alikuwa akisema. Lakini ukipita mahali, yeye huyohuyo ndiye anayekugusa bega: "Umesahau kijiko pale."

Ulipoondoka, mashine ilifunikwa kitambaa. Mwenye jengo alituvumilia sana, kisha akasema karakana iwe tupu kabla ya mwaka kwisha, la sivyo ataita watu wa taka. Mama alikwenda na ufunguo mara nyingi. Alifika mlangoni, akasimama, akarudi nao. "Nimechoka, nitakwenda kesho," alisema, na kesho haikufika. Tulipombana sana akatuambia ukweli. "Nikitupa hata skrubu moja, nitakuwa nimemtupa yeye."

Jioni moja alimwambia kitinda mimba, "Hebu niwashie, nione alimwacha wapi."

Ulikuwa umemwacha Fundi darajani, mvua inamnyeshea, na mzigo wake mgongoni.

"Mama, tupa vitu kidogo tu, atafika popote kufumba na kufumbua."

"Hakitupwi kitu hapa. Hana kwake?"

Alikuwa nako. Ulimnunulia kijumba ng'ambo ya mlima, chenye sanduku la kuwekea vitu, na hukuwahi kurudi huko. "Basi tunampeleka nyumbani," Mama akasema.

Ungecheka, Baba. Mbwa mwitu wakija, Mama anabonyeza kitufe cha kuruka akidhani ni cha upanga, na Fundi anaruka-ruka huku analiwa. Akifa, wanarudi tena darajani, wanaanza upya. Kila jioni, miguu kwenye beseni, hatua chache tu, kisha usingizi unamchukua na Fundi anabaki amesimama kwenye theluji. Tulikuwa tunaitoa pedi ya kuchezea gemu mikononi mwake polepole asishtuke. Aliendelea hivyo miezi na miezi.

Wiki iliyopita wakafika. Mama alifungua sanduku, akaweka kimoja kimoja: vijiko, mashoka, mifupa, na mwisho ndoo. Kisha akasukuma pedi ili Fundi atoke nje, na Fundi akachomoka mbio.

Mama aliachia pedi. "Kumbe mbio anazo?"

"Alikuwa nazo siku zote, Mama. Ni mzigo tu."

Aliiokota pedi, akamkimbiza kupanda kilima na kushuka, bila safari yoyote, machozi yanamtiririka na anacheka. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu uondoke.

Asubuhi yake alifungua karakana. Aliwaita mafundi wa mtaa mzima, akakaa kwenye kigoda chako na kuwaambia, "Kila mtu achukue kitakachomfaa." Tulidhani watachagua. Walimaliza rafu zote, na mzee wa baiskeli akaondoka na vile vifuniko visivyo na chupa, akisema anajua pa kuvitumia. Mama alibakiza bisibisi yako, akafunga mlango, akarudisha ufunguo. Alilala jioni ile bila kuweka miguu kwenye beseni.

Yule joka bado yu hai. Mama anasema hana haraka.

Unakumbukwa na mkeo, wanao na wakwe zako, wajukuu waliorithi tabia ya kuokota, dada yako uliyemtengenezea redio ileile kila mwaka, jirani mshonaji, na mafundi wenzako wote.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, Baba. Pumzika. Hakuna kilichotupwa.