Shikamoo Yenye Karafuu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla hujaniuliza: ndiyo, nimeshapiga mswaki. Nimesukutua kwa maji ya chumvi, na karafuu ninayo kwenye jino la nyuma hapa ninapoandika, ulimi umeanza kufa ganzi. Kwa hiyo pokea salamu yangu.

Hapa Mikumi leo kumeamka na ukungu. Malori yamelala pembeni mwa barabara na mgahawa wangu bado haujaanza kunuka vitunguu. Saa kama hii ndipo unaponijia. Harufu ya karafuu inapanda puani, na mara niko Munisagara, uani kwetu, umande miguuni, treni ya mizigo inasikika kwa mbali, nawe umesimama mlangoni kama askari wa getini. Sisi watoto tumejipanga, baba yuko mwishoni.

"Haya, nipumulie."

Tulikupumulia usoni mmoja mmoja. Aliyefaulu aliitikiwa marahaba. Aliyeshindwa alirudishwa kwenye mwarobaini kukata kijiti kipya cha mswaki. "Shikamoo ya mdomo uliolala siipokei," ulisema. Baba naye, mtu mzima na ndevu zake, siku za dagaa hakupewa chai mpaka asukutue, akawa analalamika kwamba hata msimamizi wake wa reli hamfanyii hivyo.

Unakumbuka fizi zangu zilipoanza kuvuja damu? Nilikuwa msichana mkubwa, nimeshaanza kuziba mdomo kwa kiganja ninapocheka. Ukanichemshia majani ya mpera. Yalikuwa makali hayo maji, yanakaza mashavu mpaka yanaingia ndani. Ukanishika kidevu na kuniangalia fizi kwenye jua kama unachagua mbegu za mahindi.

"Zisipopona mpaka Ijumaa, tunaenda Kilosa kwa daktari wa meno. Majani si Mungu."

Zilipona. Nikacheka bila kiganja, nawe ukajidai wiki nzima kwa majirani.

Ndiyo maana iliniuma sana ulipougua. Nilifika kutoka Mikumi, nikapiga magoti kando ya kitanda chako, nikakuamkia. Ukageukia ukutani, ukavuta kanga mdomoni. Nilidhani nimekukosea. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Hata Zuhura, binti yangu, mjukuu uliyempenda kuliko sisi sote, ulimpungia mkono tu. Nilikaa pale nikitazama mgongo wako, naogopa utaondoka duniani bila kuniitikia.

Mwishowe ukauambia ukuta: "Mdomo wangu umeharibika, mwanangu. Ni hizi dawa. Kaa mbali."

Yaani wewe, mama! Nililia huku nacheka. Nikachemsha maji, nikatia chumvi kidogo, nikasubiri yapoe yawe vuguvugu. Kusukutua hukuweza tena, kwa hiyo nikazungushia pamba kidoleni na kukusafisha fizi polepole. Zilikuwa laini na zilikuuma. Ulikunja uso lakini mdomo hukuufunga. Kisha nikakulowanisha ulimi kwa maji ya karafuu. Nje treni ikapita, tukaisikiliza sote wawili mpaka mlio wake ukaisha.

"Haya, nipumulie," nikasema.

Ulinitazama kwa ule ukali wako wa mlangoni. Halafu ukanipumulia usoni.

"Mdomo bado unanuka?" ukauliza.

"Unanukia karafuu."

Ile harufu nyingine ilikuwepo bado, chini ya karafuu, lakini ilikuwa pumzi yako na mimi niliitaka. Sidhani kama uliniamini sana. Hata hivyo kanga uliiachia, ukageuka mzima mzima, uso kwa uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hiyo ndiyo iliyonibakia, mama. Wiki ile ile tulikuzika.

Sasa Zuhura ameamka, anakuja kwangu na nywele zimesimama, anataka kuniamkia. Nimemrudisha kwenye mswaki. Amenuna kama babu yake. Atarudi, atanipumulia, nami nitamwitikia.

Zamu yangu huwa naimaliza kabla yake, ukungu ukiwa bado barabarani. Naiweka karafuu mdomoni, nakuamkia kwa sauti, halafu nanyamaza kidogo, kiasi cha wewe kuitikia.

Pumzika salama.

Ni mimi binti yako, uliyemshika kidevu