Malaria Yangu ya Miaka Yote

Mama yangu kipenzi, shikamoo.

Huku Kigali mvua haikatiki na baridi inaingia hadi mifupani, lakini nakunywa maziwa ya moto asubuhi na jioni, kwa hiyo usianze kulia.

Kwenye semina yetu kila mgonjwa anachora katuni ya ugonjwa wake mwenyewe. Jana nilijichora nimelala ndani ya chandarua, nywele zimesukwa, natabasamu. Jirani yangu wa meza ni Hasani, fundi cherehani wa mtaa wa Kabeza hapa Kigali. Yeye alikuwa anachora mguu wake uliopooza kwa polio, na kiatu kinang'aa kama cha bwana harusi. Akachungulia kwangu.

"Dada, hii mutu iko na ugonjwa wapi? Hii iko rikizo!"

Nikaona haya, nikachora upya: macho ya njano, magoti yanawaka moto, mdomo wazi. Mlangoni nikakuweka wewe na kanga yako, unamwambia jirani yetu Mama Shabani, "Ana malaria tu." Darasa zima likaangua kicheko. Kumbe kila mmoja pale ana mama yake mlangoni! Hata mguu wa Hasani, mama yake aliuita malaria.

Katuni yenyewe ndiyo hiyo upande wa pili wa postikadi hii. Umetoka vizuri, ila pua nimeizidisha.

Sasa, postikadi haina bahasha, na barua zetu zote hupitia sanduku la posta la Mama Shabani. Basi, Mama Shabani, shikamoo. Si malaria, ni selimundu, ugonjwa wa damu niliozaliwa nao. Ukimaliza kusoma mpelekee mama yangu, na umwambie nampenda.

Zuhura